Malkia wa sisimizi: mdudu wa kufuga au bidhaa ya magendo?

Wapo watu, hasa Ulaya na Asia, wanaofuga sisimizi wa kigeni ndani ya masanduku ya kioo. Anayetafutwa sokoni ni malkia, kwani bila yeye hakuna jamii ya sisimizi.

Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Kenya wakiwa na sisimizi wapatao 5,000 katika mirija zaidi ya 2,200 yenye pamba. Miongoni mwao walikuwemo malkia wa Messor cephalotes, sisimizi wekundu wanaokusanya mbegu. Mei 7, mahakama jijini Nairobi iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja.

Aina hiyo haimo katika orodha za mkataba wa CITES, lakini sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inadai kibali. Kutokuwemo katika orodha si ruhusa.

Udogo wa mzigo usimdanganye mtu. Malkia akishapandwa hutaga kwa miaka mingi. Kumchukua ni kuondoa jamii nzima ambayo ingesambaza mbegu porini. Huko aendako, akitoroka anaweza kuwa balaa. Sisimizi wa moto wa Amerika Kusini waliingia Marekani miaka ya 1930 kwa njia ya bandari, na hadi leo wanasumbua wakulima.

Mnunuzi aulize: nani alimkamata, kwa kibali gani, na nikichoka kumfuga atakwenda wapi? Asipopata majibu, asinunue.