Nani Ashike Zamu ya Maneno?

Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Butiama, aliandika kuwa demokrasia ya Kiafrika ni wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza hadi wakubaliane. Udhibiti ulikuwepo hata hapo, ila aliyemnyamazisha mwenzake alifanya hivyo mbele ya macho yake. Gazeti lilikata uhusiano huo. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi ya wasomaji, lakini mhariri ndiye aliyeamua kipi kichapwe, na barua iliyokataliwa haikuacha alama. Mwaka 1958 ikaja zamu ya mahakama: Nyerere mwenyewe alitozwa faini kwa makala yake katika Sauti ya TANU, jarida la chama chake. Miaka 60 baadaye kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni zilidai leseni, na JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni lililoanza mwaka 2006, likafungwa kwa muda.

Kuna atakayesema mti nao ulibagua. Ni kweli, na ni doa kubwa: wanawake na vijana hawakupewa nafasi sawa, ilhali mtandaoni wanaandika. Mwingine atasema matusi yasipofutwa, mjadala hufa. Nakubali yafutwe. Ninachodai ni kwamba anayefuta ajulikane, ataje kanuni iliyovunjwa, na mwandishi apewe pa kukata rufaa. Leseni ya serikali haileti hata moja kati ya hayo matatu.