Sifuri ya kompyuta na udongo usiosahau

Kijana mmoja wa mtaani kwetu anayesomea uhandisi alinijia baada ya alasiri, laptopu mkononi. Kwenye programu ya Abaqus ameukandamiza msingi wa ghorofa milimita 50 katika awamu ya kwanza. Awamu ya pili akataka aongeze 30, akaandika 30. Nguvu ikaporomoka badala ya kupanda. Akadhani programu imeharibika.

Kwa asiyeyajua haya: programu hizi, kama Abaqus au PLAXIS iliyoanzia Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, huukata udongo vipande vidogo kama macho ya jarife, kisha hupiga hesabu kwa awamu: udongo ulivyo, kuchimba, zege, mzigo. Kwa kawaida unaipa uzito, nayo inakujibu udongo umeshuka kiasi gani. Msogeo wa kulazimishwa ni kinyume chake. Unaiamrisha sehemu ishuke kiasi fulani, nayo inakujibu ni nguvu gani imehitajika. Ni njia nzuri ya kutafuta uwezo wa msingi.

Sasa, Abaqus huhesabu msogeo huo kwa jumla tangu mwanzo, si nyongeza ya awamu. Kwa hiyo 50 kisha 30 maana yake uinue msingi milimita 20! Na udongo ukipunguziwa mzigo huwa mgumu kuliko ulipokuwa ukibanwa, ndiyo nguvu ikaanguka ghafla. Alitakiwa aandike 80. Lakini ukiipa hiyo 80 programu inayohesabu kwa nyongeza, utafika 130, na huenda ukajisomea uwezo ambao msingi hauna. Hapo watu watakuja kulala juu ya hesabu ya uongo.

Sifuri nayo ina mitego yake. Katika hesabu ya jumla, kuandika sifuri ni kuuvuta msingi urudi pale ulipoanzia. Katika hesabu ya nyongeza, sifuri ni kuushikilia ulipo. Kuliondoa kabisa sharti la msogeo ni jambo la tatu: sehemu ile inaachiwa huru, nguvu iliyokuwa ikiishika inatoweka, udongo unafutuka kidogo lakini haurudi wote, maana sehemu ya ule mbonyeo ni ya kudumu.

Halafu kuna kule kurudisha misogeo kwenye sifuri, jambo la kawaida katika PLAXIS, ili mshuko wa uzito wa udongo wenyewe usihesabiwe kuwa ni wa jengo. Kinachofutwa ni umbali. Mikazo inabaki vilevile. Ukisoma 30 baada ya hapo, ni 30 tangu ulipofuta.

Huna haja ya kubahatisha programu yako ni ya aina gani. Chora kipande kimoja chenye urefu wa mita 1, kisicho na uzito, kirudicho kama mpira, ugumu wake kilopaskali 10,000, pande zake ziwe huru. Kikandamize milimita 10: mkazo utakuwa 100. Awamu ya pili andika 10 tena. Ukibaki 100, programu inahesabu jumla. Ukifika 200, inaongeza.

Kijana alilifanya jaribio hilo palepale barazani, chai ikipoa. Ikatoka 100. Akaifungua tena ripoti aliyokwisha kuiandika, akaanza kurekebisha.