Moyo Mzito kwenye Njia Panda

Ukiingia Nyakanazi kutoka Kahama utaona malori na watu wanaopita. Mkono mmoja wa barabara unakwenda Kakonko na Kibondo hadi Kigoma. Mwingine unaendelea hadi Lusahunga, na huko unagawanyika tena, huku Biharamulo na Bukoba, kule Ngara na mpaka wa Rusumo. Mahali pa namna hii mtu aweza kukaa na moyo mzito mwaka mzima asiulizwe na yeyote, maana kila amwonaye hudhani ni msafiri aliyechoka. Ndiyo sababu niliposoma habari za miwani ya kutibu sonona, nilijikuta naipima kwa Nyakanazi.

Sonona si huzuni ya kawaida. Huzuni ya msiba ina matanga yake, na matanga huanuliwa. Mwenye sonona hujihukumu kila siku, na hukumu haibadiliki. Katika miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Philadelphia aligundua kuwa wagonjwa wake walipitiwa na mawazo mafupi, ya haraka, yote ya kujilaumu. Akaanza kuwafundisha kuyakamata na kuyahoji kama shahidi anavyohojiwa barazani. Kitabu chake kikuu juu ya tiba hiyo kilitoka mwaka 1979, na mazoezi mengi ya fikra yanayotolewa leo yametokana na kazi hiyo.

Miwani ilikuja kwa njia yake yenyewe. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha chombo cha kuvaa kichwani kinachomwonyesha mtu vitu visivyokuwepo; siku hizi mambo hayo tunayaita uhalisia pepe. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake walitangaza kwamba wamekitumia chombo cha aina hiyo kutibu hofu ya vimo: mgonjwa anaona yuko juu ya daraja refu, kumbe miguu iko sakafuni.

Kwa sonona, jaribio lililonigusa ni la London, lililochapishwa mwaka 2016. Wagonjwa walikuwa 15. Kila mmoja alivaa chombo, akajiona yumo katika mwili wa mtu mzima, na mbele yake mtoto analia. Akambembeleza kwa maneno aliyofundishwa. Kisha akahamishiwa katika mwili wa mtoto yule, akasikia sauti yake mwenyewe ikimbembeleza. Zoezi lilichukua dakika 8, likarudiwa mara 3, kila wiki mara moja. Baada ya mwezi mmoja, wagonjwa 9 walisema wamepata nafuu. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo tusipige vigelegele mapema. Lakini fikiri: mtu aliyekuwa mkali kwa nafsi yake miaka mingi, anasikia upole, na upole wenyewe umetoka kinywani mwake!

Sasa tupande kaskazini, tupite Bukoba, tuvuke mpaka wa Mutukula hadi Rakai nchini Uganda. Watu wa Rakai na wa Kagera wameonja vita vilevile vya 1978 na 1979, na ukimwi uleule. Wagonjwa 3 wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983. Huko Rakai na Masaka, Paul Bolton na wenzake hawakuanza na dawa wala mashine. Walianza kwa kuuliza wanakijiji wanaitaje maradhi ya moyo yaliyofuata vifo vile. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, moja la kujichukia na jingine la kujisikitikia. Mimi naona kazi kubwa ilikuwa hapo. Ugonjwa ukipata jina la nyumbani, mgonjwa hupata la kumwambia jirani.

Mwaka 2002 vijiji 30 viliingizwa katika jaribio, 15 vya wanaume na 15 vya wanawake. Katika nusu yake vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, dakika 90 kila mara, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Tiba hii si ile ya Beck. Yenyewe hutazama kufiwa, ugomvi na mabadiliko makubwa ya maisha. Mwishoni, waliobaki na dalili kamili za sonona walikuwa asilimia 6.5 katika vikundi, na asilimia 54.7 katika vijiji visivyopata tiba. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo mwaka 2016, mwaka uleule wa mtoto wa London.

Nikiulizwa kipi kije Nyakanazi kwanza, nitasema kikundi. Hata hivyo sitaidharau miwani. Kikundi kina macho na masikio, na penye watu wachache siri haikai. Tena wiki 16 ni za mtu mwenye makazi. Dereva wa lori la Kigali hulala hapa usiku mmoja. Na mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi kuingia Ngara. Ungewapanga vipi, na uchungu wao ungeuita jina gani? Wenyeji wa Ngara wana Kihangaza, ndugu wa Kinyarwanda na Kirundi. Nadhani maneno yangepatikana, kama angetokea mtu wa kuyauliza.

Huko Rakai na Masaka watafiti walirudi miezi 6 baada ya tiba kwisha, wakakuta nafuu bado ipo. Vikundi vingi vilikuwa vikiendelea kukutana vyenyewe, bila kuitwa na mtu.