Kitabu Kilichotungwa na Mgonjwa

Katika nyumba zetu ni shida kumpata mtu mzima ambaye hajapata kuuguza. Mama huuguza mtoto, mke humwuguza mumewe, kijana humwuguza babu yake. Na wengi wetu kazi hiyo twaifanya kwa huruma tu, pasipo mafundisho. Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za kitabu kimoja kilichotungwa kwa ajili ya watu wa namna hii, na zaidi habari za mtungaji wake katika siku zile alipokuwa akikitengeneza. Maana siku zile mwenyewe alikuwa mgonjwa, naye akiuguzwa.

Mtungaji huyo ni Bibi Florence Nightingale. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia, wazazi wake Waingereza walipokuwa safarini, akapewa jina la mji huo. Watu wake walikuwa matajiri. Baba yake alimfundisha mwenyewe Kilatini na Kiyunani, na hesabu alizipenda mno. Mwezi wa Februari 1837, alipokuwa na umri wa miaka 16, aliandika ya kuwa Mungu amemwita amtumikie. Lakini alipowaambia wazazi kwamba ataka kujifunza uuguzi hospitalini, walikataa kabisa, kwa kuwa siku zile huko Uingereza kazi hiyo ilidharauliwa, na wauguzaji walisemwa kuwa walevi. Akangoja miaka mingi. Hata mwaka 1851 akapata kukaa miezi 3 huko Kaiserswerth, Ujerumani, katika hospitali ya mashemasi wa kike iliyoanzishwa na Mchungaji Theodor Fliedner, akajifunza.

Mwaka 1854 Waingereza na Wafaransa waliwasaidia Waturuki kupigana na Warusi katika nchi ya Krimea. Habari zilifika London kwamba askari majeruhi walala chini katika uchafu, wala hawana wa kuwatunza. Ndipo Bwana Sidney Herbert, aliyekuwa waziri katika mambo ya vita, akamwomba Bibi Nightingale aende. Akafika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, mwezi wa Novemba 1854, pamoja na wanawake 38. Kazi aliyoifanya huko yajulikana na wengi: kufua, kupika, kuosha, na kupita usiku na taa yake kati ya vitanda. Lakini jambo moja halisimuliwi sana. Pamoja na bidii hiyo yote, watu walizidi kufa. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 42. Vifo havikupungua sana mpaka ilipofika tume ya afya mwezi wa Machi, ikazibua mifereji ya maji machafu iliyokuwa chini ya nyumba ile, ikaondoa mizoga, ikapaka kuta chokaa na kuingiza hewa.

Mwezi wa Mei 1855 yeye naye alishikwa na homa kali, akawa karibu kufa. Siku hizi wengi hudhani kwamba ilikuwa ile homa ipatikanayo kwa maziwa mabichi na mifugo yenye ugonjwa. Akapona kidogo, akarudi Uingereza mwezi wa Agosti 1856, akiliepuka shangilio la watu. Hakutaka sifa, alitaka kujua kwa nini askari wale walikufa. Akakaa na Bwana William Farr, fundi wa hesabu za vifo, wakazipanga tarakimu zote. Waingereza kama 21,000 walikufa katika vita ile, na katika hao kama 16,000 waliuawa na maradhi, si na silaha. Tena hospitali yake ya Scutari ilikuwa mahali pabaya kuliko nyingine. Kwanza yeye alikuwa amefikiri ya kuwa askari walifika huko wakiwa wamekwisha haribika kwa njaa na baridi. Sasa hesabu zilimwonyesha ya kuwa nyumba yenyewe iliwaua, naye alikuwamo ndani asijue. Msomaji, fikiri uzito wa maarifa hayo kwa mtu aliyewashika mikono walipokuwa wakikata roho.

Hakuyaficha. Aliandika kitabu kikubwa chenye kurasa zaidi ya 800 juu ya afya ya jeshi, kikapigwa chapa mwaka 1858, akawapa wakuu wa serikali. Lakini mwili ulikuwa umekwisha kushindwa. Mwezi wa Agosti 1857 alianguka, na tangu hapo akawa mtu wa kitandani kwa miaka mingi. Rafiki zake walidhani atakufa karibu. Naye alidhani vivyo hivyo, hata akaandika barua ya kupelekwa kwa Bwana Herbert baada ya kufa kwake.

Basi katika hali hiyo, mwaka 1859, akatunga kile kitabu kidogo cha uuguzi. Alikaa katika vyumba vya hoteli ya Burlington mjini London, na pengine Hampstead, mahali palipoinuka penye hewa nzuri. Shangazi yake, Bibi Mai Smith, alikuwa ameacha nyumba yake mwenyewe aje kumtunza na kuwazuia wageni mlangoni. Bwana Arthur Hugh Clough, mshairi aliyemwoa binamu yake, alimsaidia kusoma karatasi za chapa na kusahihisha makosa. Na kazi ya jeshi haikukoma. Wakubwa waliingia mmoja mmoja kwa shauri, na barua zikaja kila siku.

Tangu mwanzo wa kitabu alisema wazi kwamba hakuwaandikia wauguzaji wa hospitali, bali kila mwanamke nyumbani ambaye siku moja atashika uhai wa mwingine mkononi. Akaeleza hewa safi, mwanga, maji, kitanda, chakula kifikacho kwa saa yake, na kumwangalia mgonjwa kwa macho yenye akili. Mambo ya hewa na mifereji aliyajua kwa vifo vya Scutari. Lakini kuna mambo mengine ambayo naona hakuyajua kwa kusimama karibu na kitanda, bali kwa kulala juu yake. Ni nani asemaye ya kuwa minong'ono mlangoni huumiza kuliko kelele? Ni nani ajuaye jinsi mgonjwa anavyochoka kutazama ukuta ule ule, na jinsi ua moja linavyomfurahisha? Tena aliandika sura nzima juu ya wageni wanaomwambia mgonjwa maneno matupu ya matumaini na mashauri yasiyo na maana.

Sura hiyo ilinichoma. Mama yangu alipougua kifua, majirani walikuja kwa upendo, wakajaza chumba. Mlango ukafungwa kwa kuogopa baridi, na moshi wa jikoni ukaingia. Kila mmoja akasema, Utapona tu. Kisha akasimulia habari za mtu wake aliyeugua hivyo hivyo. Nikatoka kumsindikiza mgeni mmoja. Niliporudi nilimkuta mama amegeuza uso ukutani. Akaniambia polepole, "Mwanangu, waambie nimelala." Mimi nilikuwa mwalimu, nikifundisha habari za hewa safi ubaoni, wala sikuwa nimefungua dirisha.

Kitabu kilitolewa mwanzoni mwa mwaka 1860 kwa bei ya shilingi 5, nacho nakala 15,000 zikanunuliwa kwa muda mfupi. Mtungaji aliona ya kuwa shilingi 5 ni nyingi kwa mtu wa kazi. Kwa hiyo mwaka 1861 akatoa kingine cha bei nafuu kwa ajili ya watu wa kazi za mikono, akaongeza sura juu ya kulea mtoto mchanga. Sura hiyo aliwaandikia wasichana wadogo, kwa kuwa alijua ya kuwa katika nyumba za maskini mlezi ni dada. Sisi tuonao kila siku msichana wa miaka 8 akimbeba mdogo wake mgongoni twaweza kumshukuru kwa kumkumbuka.

Haifai kusema ya kuwa alijua yote. Siku zile alidhani maradhi hutoka katika hewa mbaya na uchafu, wala hakukubali ya kuwa ugonjwa huambukizwa na wadudu wasioonekana kwa macho. Mambo hayo yalithibitishwa baadaye na mabwana Pasteur na Koch. Lakini mtu afunguaye dirisha na kunawa mikono hufaidika, hata kama sababu aliyopewa haikutimia.

Na kuna pungufu moja lililo karibu zaidi na moyo wangu. Mwaka 1860, baada ya kumtunza kwa muda mrefu, shangazi Mai alirudi kwa mumewe na watoto wake waliokuwa wakimngoja. Bibi Nightingale alilihesabu jambo hilo kama kuachwa, akakasirika, na miaka mingi ikapita kabla hawajapatana. Yeye aliyeona kila taabu ya mgonjwa hakuiona taabu ya mwanamke aliyelinda mlango wake. Simwambii msomaji haya ili amdharau. Aliishi mpaka tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90, na shule ya wauguzi iliyofunguliwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas mwaka 1860 iligeuza kazi iliyodharauliwa kuwa kazi ya heshima. Nasema haya kwa sababu kitanda humfundisha mtu mengi, lakini hakimfundishi yote.

Basi, ndugu zangu, tukienda kumtazama mgonjwa, tumwingize hewa, tupunguze maneno, tukae kidogo, tuondoke. Kisha, kabla hatujarudi kwetu, tumtafute yule amwuguzaye, aliyekesha usiku, tumwambie, Dada, nenda kalale. Mimi nitakaa hapa mpaka jioni.