Si Salio, ni Deni: Kadi ya Kuhamishia Deni

Mama mmoja wa Tanga, jirani yangu hapa Birmingham, alinipa simu yake nimsomee ujumbe wa benki. Mwanawe alikuwa ameshautafsiri kwa programu ya simu, ukasomeka hivi: "Hamisha salio lako la pauni 3,000 kwa riba ya asilimia 0." Mama akaniuliza kwa furaha, "Mwanangu, kumbe nina salio la elfu tatu?"

Hakuwa na salio. Alikuwa na deni la pauni 3,000 kwenye kadi ya mkopo, na benki nyingine ilikuwa inamwita alihamishie kwake.

Kosa halikuwa la mama. Salio limetokana na kusalia, na katika matumizi ya kila siku ni kile kilichobaki mkononi mwako. Kila anayetumia simu Afrika Mashariki ameuzoea ujumbe wa "salio lako ni shilingi kadhaa", na akiusoma anajua hizo ni zake. Kiingereza cha benki kina neno moja tu, lile ambalo wengi wetu huku tunalitamka "balansi", na linabeba pande zote mbili: fedha yako iliyo benki na fedha ya benki iliyo kwako. Sisi tunayo maneno mawili, salio na deni. Mfasiri anayeandika "uhamisho wa salio" anautupa utajiri huo na kumpotosha msomaji katika jambo linalogusa mfuko wake.

Wapo wanaopendekeza hawala. Neno hilo lina hoja nzito, maana katika fiqhi hawala ndiyo hasa kulihamisha deni kutoka dhima ya mtu mmoja kwenda dhima ya mwingine. Lakini Kiswahili kimelipeleka njia nyingine: hawala ya posta ni fedha inayotumwa, na uhawilishaji fedha, kama unavyoitwa kwenye mpango wa TASAF nchini Tanzania, ni ruzuku inayopewa kaya maskini. Tena kwenye kadi mdaiwa habadiliki. Ni wewe yule yule, anayebadilika ni anayekudai.

Kwa hiyo mimi nasimama na kuhama. Mtu akihama nyumba hajafa, kabadilisha anwani tu, na deni nalo ni hivyo hivyo. Kiambishi cha kutendea kinatumalizia kazi: kadi ya kuhamishia deni. Silabi moja inaeleza kuwa kadi hii ni mahali deni linapofikia. Haisemi kwamba deni limekwisha.

Inabaki ile "riba ya asilimia 0", ambayo wengi huisoma "bila riba". Hapa pia tuwe waangalifu, maana riba haijaondoka, imesimamishwa kwa miezi iliyotajwa, kisha inarudi kwa kiwango cha kawaida, ambacho Uingereza mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Mkataba wenyewe unaitaja riba hiyo. Muislamu anayejiepusha na riba asisome "asilimia 0" akadhani mkataba mzima ni safi. Amuulize mwanachuoni anayemwamini. Kwa kuwa tumezoea kusema msamaha wa kodi, tunaweza kusema msamaha wa riba wa muda. Neno "muda" lisiachwe kamwe.

Sasa kadi hii ichukuliwe lini? Nilikaa na mama mezani tukapiga hesabu. Kadi yake ya zamani ilimtoza karibu asilimia 2 kwa mwezi, yaani pauni 60 mwezi wa kwanza. Kadi mpya ilitoa msamaha wa miezi 20 kwa ada ya uhamisho ya asilimia 3, ambayo ni pauni 90. Deni likawa 3,090. Ukiligawa kwa miezi 20 unapata pauni 154 na peni 50 kwa mwezi. Akilipa kiasi hicho hicho kwenye kadi ya zamani, atamaliza baada ya miezi 25 hivi, na riba itakuwa imepita pauni 800. Pauni 90 dhidi ya 800: hapo kuhama kuna maana.

Tukageuza hesabu. Kama angeweza kulimaliza deni kwa miezi 2, riba ya kadi ya zamani ingekuwa karibu pauni 90, sawa na ada ile ile. Hapo kuhama ni usumbufu mtupu. Na kama hawezi kutoa hata kiwango cha chini cha kila mwezi, kadi mpya si dawa yake. Awaendee StepChange, National Debtline au Citizens Advice, ambao hutoa ushauri wa madeni bila malipo.

Wakati mzuri wa kuomba ni mapema, historia yako ya mikopo ikiwa bado safi, kabla hujaanza kuchelewesha malipo. Tumia kwanza ukaguzi wa awali usioacha alama kwenye historia hiyo, kwa sababu kila ombi kamili huacha alama. Ukiwa karibu kuomba mkopo wa nyumba, subiri. Tangazo likisema "hadi miezi 20", unaweza kukubaliwa ukapewa michache. Kwa kawaida benki haipokei deni linalotoka kwenye kadi yake yenyewe, na ofa nyingi hutaka uhamishe ndani ya siku 60 au 90 tangu kufungua akaunti. Endelea kulipa kadi ya zamani mpaka uone deni limehama kweli. Weka malipo ya moja kwa moja kutoka benki, kwani kukosa mwezi mmoja kunaweza kufuta msamaha wote. Wala usinunue kitu kwa kadi mpya, wala usiitumie kutoa fedha taslimu. Mara nyingi msamaha hauyahusu hayo.

Mama alichukua kadi. Kwenye kalenda ya jikoni akauzungushia wino mwekundu mwezi ambao msamaha unakwisha, na juu yake akaandika kwa mkono wake neno moja: deni.

Nawaomba wafasiri, watangazaji na vijana wanaowasomea wazee barua waandike na waseme vivyo hivyo. Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna anayelipa deni aliloambiwa ni salio.