Kutoka Nairobi hadi Moyale kwa pikipiki: Hali ya barabara na mavazi ya safari

KWA miaka mingi, aliyekusudia kwenda Moyale kutoka Nairobi kwa pikipiki aliulizwa swali moja: je, pikipiki yako itafika? Leo swali hilo limegeuka. Pikipiki hufika, hata ile ya injini ndogo inayobeba abiria Kawangware na Kangemi. Linalotiliwa shaka ni iwapo mwendeshaji mwenyewe atafika akiwa mzima.

Kilicholeta mabadiliko haya ni lami. Ujenzi wa barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa takriban kilomita 500, ulianza mwaka wa 2007 katika sehemu ya Isiolo hadi Merille. Kufikia mwaka wa 2017, lami ilikuwa imefika mpakani. Kabla ya hapo, njia hiyo ilikuwa ya mawe makali na mawimbi ya changarawe yaliyovunja springi na kulegeza nati. Magari yalisafiri kwa misafara chini ya ulinzi wa askari wenye silaha kwa kuhofia majambazi. Waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman, waliosafiri kwa pikipiki kutoka Scotland hadi Cape Town mwaka wa 2007, waliipita barabara hiyo ingali katika hali hiyo.

Hata hivyo, lami haikuondoa hatari bali iliibadilisha sura. Zamani mwendeshaji alianguka akienda kilomita 30 kwa saa kwenye changarawe. Siku hizi anaweza kukutana na ngamia akiwa kwenye kilomita 100 kwa saa. Kwa hivyo maandalizi na mavazi yaliyotosha zamani hayatoshi tena.

Maandalizi jijini

Safari huanzia kwa fundi. Katikati ya jiji, Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakongwe wangali wanaiita Grogan, ndiyo soko kongwe la vipuri. Anayekwenda kaskazini ahakikishe amebeba tyubu ya akiba, viraka na gundi, pampu ya mkono, vyuma vya kubandua tairi, plagi, kiungo cha mnyororo, waya wa klachi na wa mafuta, pamoja na balbu ya taa. Vitu hivi huenea katika mfuko mmoja mdogo. Kukosekana kwa kimoja tu kati ya Laisamis na Marsabit kwaweza kumgharimu msafiri siku nzima.

Tairi zikaguliwe kabla ya kitu kingine chochote. Tairi iliyoliwa katikati hupitika kwenye foleni za Ngong Road, lakini kwenye lami yenye joto la adhuhuri, huku pikipiki ikiwa na mzigo, yaweza kupasuka. Chujio la hewa lisafishwe, mnyororo utiwe mafuta na kukazwa ipasavyo, na mzigo ufungwe chini na katikati. Mzigo uliorundikwa juu nyuma hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi na usukani kuyumba.

Mavazi

Sheria ya Trafiki, kama ilivyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2012, inamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abebe abiria mmoja tu ambaye naye amevaa vivyo hivyo. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Kwa safari ya kilomita 780, hakitoshi.

Helmeti ndicho kifaa cha kwanza kununuliwa na cha mwisho kufanyiwa ubahili. Uchunguzi wa kina wa tafiti za mataifa mbalimbali uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Mnunuzi atafute alama ya Shirika la Viwango la Kenya au ya kiwango cha Ulaya, ECE, na aipime kichwani. Ikiwa inazunguka mtu anapotikisa kichwa, ni kubwa mno. Ikiwa kamba yake ya kidevu haifungi, haina faida hata ingawa ni ya bei ghali, kwa sababu huchomoka kichwani kabla mtu hajafika chini. Helmeti iliyokwisha kugonga lami mara moja isitumiwe tena, kwani povu lake la ndani hupondeka hata pale ganda la nje linapoonekana zima.

Jaketi nzito za ngozi hupatikana miongoni mwa mitumba ya Toi, karibu na Adams Arcade, na Gikomba. Ngozi halisi hustahimili kukwaruzwa na lami kuliko kitambaa chochote cha kawaida, lakini kaskazini huwa tanuri. Linalofaa zaidi ni jaketi la kitambaa kigumu cha waendeshaji, lenye matundu ya kupitisha hewa na vikinga mwili kwenye mabega, viwiko na mgongo. Suruali ya jinzi haimkingi mtu. Huchanika punde tu inapoburuzwa barabarani, na anayevaa jinzi angalau aongeze vikinga magoti.

Glavu nazo ni za lazima, kwa maana aangukaye hutanguliza viganja. Viatu viwe buti zinazopita kifundo cha mguu. Gambuti ambazo wahudumu wengi wa bodaboda huvaa wakati wa mvua huzuia maji, lakini haziwezi kuuzuia mguu kuvunjika ukilaliwa na pikipiki.

Kujipima Ngong na Magadi

Wakazi wa magharibi mwa jiji wana bahati ya kuwa na uwanja wa majaribio karibu. Kutoka Dagoretti Corner, barabara hupanda kupitia Karen hadi Ngong, kisha huteremka Kiserian na kupita Kona Baridi kuelekea Magadi. Kilele cha Milima ya Ngong kina urefu wa mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Magadi liko kwenye takriban mita 600. Katika safari ya asubuhi moja, mwendeshaji huonja baridi, ukungu, upepo wa ubavuni, mifugo barabarani na joto kali.

Atakayegundua Kona Baridi kwamba vidole vimekufa ganzi, au Magadi kwamba jaketi halivuliki bila kufungua mzigo wote, atakuwa amejifunza mapema na karibu na nyumbani.

Kutoka jijini

Anayetoka Kikuyu, Uthiru au Kangemi hana haja ya kupita katikati ya jiji. Barabara ya Western Bypass huanzia Gitaru hadi Ruaka, na hapo huungana na Northern Bypass inayoelekea upande wa Thika Road. Anayetoka Westlands hupitia Museum Hill na Pangani. Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022 kati ya Mlolongo na Westlands, hairuhusu pikipiki.

Ni vyema kuondoka alfajiri kunapopambazuka, si kabla. Thika Road ina magari ya kasi na watembea kwa miguu wanaovuka pasipostahili, na matuta ya barabara za kando hayaonekani gizani.

Baridi ya Timau, joto la Isiolo

Baada ya Sagana na Karatina, barabara hupanda hadi Nanyuki, mji ulio kwenye mstari wa Ikweta chini ya Mlima Kenya. Sehemu ya Timau ni ya juu zaidi, na upepo kutoka mlimani huvuma juu ya mashamba ya ngano bila kizuizi. Hapa ndipo waendeshaji wengi wa kutoka Nairobi hushangaa. Wamejiandaa kwa jangwa lakini wanatetemeka.

Watu wa kaskazini ya mbali ya dunia, wanaoendesha pikipiki za theluji nchini Kanada na Finland, huvaa kwa tabaka. La ndani hunyonya jasho, la kati hutunza joto na la nje huzuia upepo. Kanuni hiyo hiyo yafaa Timau, na faida yake huonekana saa moja baadaye. Kutoka hapo barabara huporomoka hadi Isiolo, na tabaka huvuliwa moja baada ya jingine. Vazi moja zito halitoi nafasi hiyo. Mwendeshaji asishawishike kuvua jaketi lenyewe. Abaki nalo, afungue matundu ya hewa na aloweshe kitambaa cha shingoni.

Isiolo ni mahali pa kujaza tangi, kununua maji na kulala ikiwa jua limekwisha kuelekea magharibi.

Isiolo hadi Marsabit

Kutoka Isiolo, barabara huvuka Mto Ewaso Nyiro pale Archer's Post, ikapita chini ya Mlima Ololokwe, kisha Merille, Laisamis na Logologo. Lami ni nzuri na imenyooka. Hatari yake iko papo hapo, kwani unyoofu humlaza mtu usingizi na humfanya asahau mwendo wake.

Kwa kilomita 100 kwa saa, pikipiki hupita takriban mita 28 kila sekunde. Mwendeshaji akichukua sekunde moja na nusu kumtambua mnyama na kufikia breki, amekwisha kupita zaidi ya mita 40 kabla mwendo haujaanza kupungua. Mbuzi hukimbia kundini, na mmoja akivuka wengine humfuata. Punda husimama barabarani wasiondoke. Ngamia huvuka polepole, na anayejaribu kumpita kwa mbele huenda akakuta amebadili nia. Kanuni ya wenyeji ni kupunguza mwendo mapema na kupita nyuma ya mnyama, kamwe si mbele yake.

Kwa sababu hiyo, usafiri wa usiku uepukwe kabisa. Mifugo haina taa, na baadhi ya malori hayana pia.

Marsabit hadi Moyale

Marsabit ni mji wa mlimani wenye msitu, na mara nyingi hufunikwa na ukungu asubuhi. Lami ikiwa na unyevu huteleza, na ndovu wa msitu huo huvuka barabara. Mara baada ya kushuka, msafiri huingia Dida Galgalu, nyika ya mawe meusi ya volkano isiyo na kivuli. Kutoka Marsabit hadi Moyale ni takriban kilomita 245, kupitia Bubisa, Turbi na Sololo. Tangi lijazwe Marsabit, na maji ya kunywa yawe ya kutosha siku nzima.

Upepo ndio mtihani mkuu hapa. Huvuma kutoka ubavuni kwa saa nyingi, na lori linapopishana na pikipiki huukata kisha kuuachilia ghafla. Mwendeshaji ashike usukani bila kuukaza mno, apunguze mwendo na aache nafasi upande ambao upepo unamsukumia. Nguvu ya upepo wa eneo hilo hudhihirika magharibi zaidi, karibu na Loiyangalani, ambako mradi wa umeme wa Ziwa Turkana una mitambo 365 ya upepo.

Nje ya lami

Wanaotamani kufika Loiyangalani, Kargi au North Horr huiacha lami, na hapo ujuzi wa zamani hurudi kuwa na thamani. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio, hulegeza magoti na kutazama mbali. Kwenye mchanga, kufunga breki ya mbele ghafla ni kuanguka. Jangwa la Chalbi, ambalo ni sakafu ya ziwa lililokauka, hupitika likiwa kavu. Mvua ikinyesha, huwa tope lisilobeba gurudumu. Asiende mtu peke yake, na asiende bila kuuliza wenyeji.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, huhitaji tahadhari zaidi. Mito ya msimu hujaa kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali, hata mahali palipo na jua. Maji yakiwa yanakwenda kasi na sakafu haionekani, pikipiki isivuke. Kungoja saa chache si aibu.

Msaada wa dharura

Majeraha mabaya ya kaskazini mara nyingi huishia Nairobi, na umbali ndio huua. Ndege za madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1957, huruka kutoka Uwanja wa Wilson, na uanachama wa kuhamishwa kwa ndege hulipiwa kabla ya safari, si baada ya ajali. Msafiri aache ratiba yake kwa mtu aliye nyumbani na apige simu kila afikapo mjini, kwa kuwa mtandao hupotea kati ya vituo. Aidha, aulize hali ya usalama katika kituo cha polisi cha Isiolo na Marsabit, kwani hubadilika.

Mpakani

Moyale ni mji mmoja uliogawanywa na mpaka. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi Desemba 2020. Anayevuka kuingia Ethiopia aulize mapema, akiwa bado Nairobi, kuhusu hati ya forodha ya chombo na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Jambo jingine ni dogo kulisema lakini ni kubwa barabarani: Kenya huendesha upande wa kushoto, Ethiopia upande wa kulia. Aliyezoea Waiyaki Way atalikumbuka mchana kutwa, kisha alisahau asubuhi ya pili anapotoka kituo cha mafuta akiwa na usingizi.

Safari ya kwenda huchukua siku tatu kwa anayelala Isiolo na Marsabit. Wapo wanaoifanya kwa siku mbili, na wapo waliojaribu kwa moja. Barabara inaruhusu, lakini mwili wa binadamu uliokaa juu ya tandiko saa kumi na mbili hautambui ngamia kwa sekunde moja na nusu.