Mshenzi ni nani? Safari ya neno moja katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi kinyume cha 'mstaarabu' ni nini. Atakujibu bila kupepesa macho: 'mshenzi'. Atapewa alama yake na kuendelea na swali la pili. Hakuna atakayemwambia maneno haya mawili yalikutania wapi, wala nani alikuwa akimwita nani.

Leo tusimame kidogo kwenye swali hilo. Katika vyuo vyetu, mada ya ustaarabu na ushenzi katika fasihi hufundishwa kana kwamba ililetwa na meli. Mhadhiri humtaja Joseph Conrad na riwaya yake ya 1899 kuhusu Kongo, kisha William Golding na wavulana wake waliopotea kisiwani, riwaya ya 1954, halafu Chinua Achebe anayemkosoa Conrad katika mhadhara wake maarufu wa 1975. Hiyo ni mifano mizuri, sikatai. Lakini sisi wa Kiswahili tuna kesi yetu wenyewe, na iko hapa karibu, katika ukanda unaoanzia Takaungu ukapita Kilifi, Watamu na Gede hadi Malindi.

Tuanze na maneno yenyewe. 'Ustaarabu' limetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya au kuwa Mwarabu. Mstaarabu, kwa asili ya neno, ni mtu aliyechukua mwenendo wa Kiarabu. 'Utamaduni' nalo lina shina moja na 'madina', yaani mji. Kwa hiyo lugha yetu ilipotaka kusifu maisha mema ilikopa maneno mawili, moja linaelekeza kidole Arabuni na jingine mjini. Mtu wa shambani asiye na nasaba ya ng'ambo ameachwa nje ya yote mawili kabla hata hajafungua kinywa.

Haikuwa hivyo tangu jadi. Neno la zamani zaidi la Pwani ni 'uungwana'. Wanahistoria Randall Pouwels na James de Vere Allen wameonyesha kwamba 'ustaarabu' lilipata nguvu katika karne ya 19, baada ya utawala wa Busaidi wa Oman kuimarika Zanzibar. Kabla ya hapo sifa ya mtu ilikuwa uungwana wa mji wake: kuzaliwa humo, kuijua dini, kusema vizuri, kutunga na kuelewa shairi, kuishi katika nyumba yenye heshima. Hakuhitaji kumwiga mtu wa Muskati ili awe mtu.

Lakini tusiupambe uungwana kupita kiasi. Nao ulikuwa na upande wa chini, na upande huo ni mtumwa. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia binti yake mnamo 1858, anamwasia asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ni utendi unaopendwa, na mapenzi ya mama yamo ndani yake. Wasia huo pia umo, na tunaufundisha upesi upesi bila kusimama.

Sasa 'mshenzi'. Wataalamu wengi wanalihusisha neno hili na 'Zanj', jina walilotumia Waarabu na Waajemi kwa watu weusi wa pwani hii ya mashariki ya Afrika. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Akaandika kwamba wengi wa wakazi wa mji ule ni Zanj, weusi, wenye chale usoni. Papo hapo akamsifu sultani wa Kilwa kwa kuingia bara mara kwa mara kupigana na nchi ya Zanj. Yaani Zanj wa mjini wanawavamia Zanj wa bara, na mgeni anatumia jina lilelile kwa pande zote mbili. Karne mbili kabla yake, katika kitabu cha 1154, al-Idrisi aliitaja Malindi kama mji wa Zanj wanaowinda, kuvua na kufanya biashara ya chuma. Wapo wanaobishana kama mji ule ndio Malindi ya leo. Hata hivyo picha ni wazi: machoni pa mtu wa kaskazini, watu wa miji yetu walikuwa haohao Zanj.

Mtu wa mjini alifanya nini na jina hilo? Alilisukuma nyuma. Halikumfaa yeye, basi lilimfaa jirani yake wa bara, wa nyikani, yule asiyevaa kanzu. Mtu wa Malindi hakulitunga neno hili. Alilipokea, akalipitisha.

Wareno walipotokea mwaka 1498 mambo yalizidi kunoga. Vasco da Gama alikuwa amegombana na watu wa Msumbiji na wa Mombasa. Malindi ikampokea kwa ngoma na matunda, kisha ikampa rubani wa kumvusha hadi India. Mwandishi wa shajara ya safari ile aliona nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, zenye madirisha mengi, akaufananisha mji na Alcochete, mji wa kwao karibu na Lisbon. Hakuona ushenzi wowote. Luís de Camões alipotunga utenzi wake mkuu wa Ureno, Os Lusíadas, uliochapishwa 1572, alimpa mfalme wa Malindi nafasi kubwa: ndiye msikilizaji. Sehemu ya tatu, ya nne na ya tano za utenzi ule ni da Gama akimsimulia mfalme huyo historia nzima ya Ureno. Watu wa Mombasa, kwa upande mwingine, wanachorwa kama wasaliti.

Hebu tuulize: Mombasa na Malindi zilitofautiana nini mwaka ule? Dini ilikuwa moja na lugha ni moja. Nyumba ni za mawe yaleyale ya matumbawe, jahazi zinasukumwa na kusi ileile. Tofauti ni kwamba mji mmoja ulifungua mlango na mwingine ukaufunga. Aliyefungua akaandikwa kuwa muungwana. Kipimo hicho kinapatikana katika vitabu vingi vya wasafiri kuliko tunavyofikiri. Na Malindi haikupata faida ndefu kwa ukarimu wake. Katika miaka ya 1590 Wareno walihamia Mombasa wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, mtawala wa Malindi akahamishiwa huko, na mji wake ukaanza kufifia.

Wareno hao waliokaa Malindi karibu miaka 100 hawakuutaja mji wa Gede katika maandishi yao, ijapokuwa uko kilomita zisizotimia 20 kutoka hapo. Gede ilikuwa na msikiti mkuu, kasri, visima, vyoo vya ndani, vyombo vya kaure kutoka China, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Iliachwa katika karne ya 17 na msitu ukaifunika. James Kirkman alianza kuichimbua mwaka 1948. Kitabu chake cha 1954 alikipa jina lenye maana ya 'mji wa Kiarabu wa Gedi'.

Angalia neno hilo, 'Kiarabu'. Mji ulio katikati ya msitu wa Wagiriama, uliojengwa kwa mawe ya bahari ya Watamu, ambao wakazi wake wengi waliishi katika nyumba za udongo kando ya zile za mawe, ulipewa wenyewe wengine. Kwa fikra za wakati ule, ukuta wa mawe na choo cha ndani lazima viwe vya mgeni. Simlaumu Kirkman peke yake, kwani aliandika kama walivyowaza wenzake na kazi yake ya mikono ilikuwa ya uangalifu mkubwa. Lakini imechukua kizazi kizima cha watafiti, wakiwemo Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, kueleza kwamba miji hii ilikua kutoka ardhini mwake, kwa mikono ya Waafrika waliofanya biashara na kuoana na wageni.

Nimekaa sana mjini. Twende upande wa pili, maana kisa chenyewe kiko huko.

Malindi ilifufuka katika miaka ya 1860, chini ya mkono wa sultani wa Zanzibar. Mashamba ya mtama na ufuta yalitanda, mazao yakasafirishwa Arabuni, na waliolima walikuwa maelfu ya watumwa walioletwa kutoka kusini. Mjini ustaarabu ulishamiri: misikiti, kanzu nyeupe, kahawa, adabu za salamu. Mtumwa aliyechoka alifanya nini? Alitoroka. Na alitorokea wapi? Nyikani! Alikimbilia kwa wale walioitwa washenzi, akajiunga na makazi ya watoro kama Fuladoyo, ndani ya nchi ya Wagiriama. Wengine walikwenda Rabai kwa wamishonari. Januari 1, 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alitoa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliojificha katika misheni za huko, baada ya kukubali kuwalipa fidia mabwana zao.

Kwa mtoro, ramani ya maneno imegeuka. Mahali pa mjeledi ni kule kwenye kanzu na kahawa, mahali pa usalama ni kichakani. Hatuna utendi wa mtoro wa Fuladoyo. Laiti tungekuwa nao, nadhani 'ushenzi' lingekuwa na maana nyingine katika kamusi zetu.

Wamishonari nao walikuja na daftari zao. Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa 1844 na kuanzisha kituo cha Rabai 1846 aliandika kuhusu 'Wanika', yaani Wanyika, watu wa porini. Jina hilo alilipata kwa Waswahili. Likaingia vitabuni, likaingia serikalini, likabaki huko mpaka miaka ya 1940, wenyewe walipojipa jina la Mijikenda, kwa kukumbuka kaya zao tisa. Wao walikuwa na miji, ndiyo maana ya neno lenyewe. Kaya ilikuwa na milango, njia zake, fingo lililozikwa, baraza la wazee na sheria za nani anaingia na vipi. Imezungukwa na msitu badala ya ukuta wa mawe, basi mgeni akaona msitu tu.

Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola wakawakusanya watu Kaya Fungo, wakaapishwa kiapo cha mukushekushe kwa wanawake na cha fisi kwa wanaume. Serikali iliona uchawi. Wawili hao wakahamishiwa Kisii, wakatoroka Januari 1914 na kurudi kwa miguu. Agosti mwaka huohuo kaya ikalipuliwa kwa baruti. Afisa wa eneo hilo, Arthur Champion, aliyekuwa akitafuta kodi na vibarua, ndiye pia aliyeandika kazi ndefu kuhusu mila za Wagiriama, iliyochapishwa 1967. Mkono uleule ulinukuu mila na kuamrisha watu.

Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya za Mijikenda, Kaya Fungo ikiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia. Gede ikafuata mwaka 2024. Mji wa 'wastaarabu' ulisubiri miaka 16 nyuma ya misitu ya 'washenzi'. Mzee mmoja wa Gede aliponisikia nikilisema hilo alicheka tu, akasema orodha haileti mvua.

Katika fasihi ya Kiswahili aliyeliona jambo hili kwa jicho kali ni Katama Mkangi, Mmijikenda wa Kilifi, mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini. Riwaya yake Walenisi, ya 1995, inamtoa Dzombo katika nchi ya dhuluma na kumfikisha ugenini, ambako hata maneno aliyoyazoea yana maana tofauti. Jina lenyewe ni sentensi iliyounganishwa: wale ni sisi. Wahakiki wengi wameisoma kama riwaya ya kisiasa, na ndivyo ilivyo. Mimi naisoma pia kama jibu la mtu wa Kilifi kwa karne nyingi za kuitwa 'wale'.

Nina ombi kwa wanaotunga kamusi na vitabu vya shule. 'Mshenzi' liandikiwe historia yake pale pale kwenye ukurasa, na lisitolewe tena kama kinyume cha 'mstaarabu' bila maelezo. Mtoto wa Kigiriama wa Gede anayejibu swali lile hujifunza, bila kuambiwa, upande upi wa ukuta ni wa babu yake.

Na tukitafuta neno la kuanzia, Mijikenda wanalo. Muda wote ambao mjini waliitwa Wanyika, wao walikuwa na jina lao la kuwaita Waswahili, nalo bado latumika. Huwaita Adzomba. Yaani wajomba.